Njia ya Mkato au Ufundi? Kompyuta, Pleibeki na Lawama ya Udanganyifu katika Muziki wa Rwanda

Katika jiji la Kigali wimbo unaweza kutungwa usiku na kufika redioni kesho yake asubuhi. Mtayarishaji mmoja, kompyuta ya mkononi, kibodi ndogo na kipaza sauti vinatosha. Ngoma zinazosikika hazina mpigaji, besi haina mpiga besi, na sauti ya mwimbaji iliyoteleza hunyooshwa kwa kubofya. Kasi hiyo imewapa wasanii wa Rwanda riziki na umaarufu, lakini imeamsha pia lawama isiyokwisha: kwamba muziki wa namna hii ni wa ujanja ujanja, na kwamba anayeutengeneza anawadanganya wasikilizaji.

Lawama hiyo hutamkwa kana kwamba inahusu jambo moja. Kwa hakika inabeba mambo matatu yasiyofanana. Yupo anayesimama jukwaani na kuchezesha midomo huku rekodi ikiimba badala yake. Yupo anayechukua kazi ya mwenzake bila kumtaja. Na yupo anayetumia mashine kupunguza jasho la kazi yake mwenyewe. Katika mambo mawili ya kwanza kuna mtu aliyedhulumiwa, na anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Katika la tatu, mara nyingi hayupo. Tofauti hiyo husahaulika kila mjadala unapopamba moto, ingawa historia ya muziki wa Rwanda inaidhihirisha wazi.

Aliyelipa kiingilio alinunua nini?

Pleibeki ni desturi ya msanii kupanda jukwaani na kufuatisha rekodi ya wimbo wake. Zipo namna mbili. Katika namna ya kwanza kipaza sauti kimezimwa, au kimepunguzwa hata hakisikiki, na umati husikia sauti iliyonaswa studioni miezi kadhaa nyuma. Katika namna ya pili, inayoweza kuitwa nusu laivu, ala hutoka kwenye rekodi lakini mwimbaji anaimba kwa pumzi zake. Watazamaji wengi huzichanganya namna hizi, ingawa umbali kati yake ni mkubwa: wa pili anaweza kukosea, wa kwanza hawezi.

Kwa Wanyarwanda wengi, somo la tofauti hiyo lilitolewa na mashindano ya Primus Guma Guma Super Star, yaliyodhaminiwa na kampuni ya vinywaji ya Bralirwa na kuandaliwa kwa ushirikiano na East African Promoters. Yalianza mwaka 2011, mshindi wa kwanza akiwa Tom Close, na yakaendelea hadi mwaka 2018, Bruce Melodie alipotwaa taji la mwisho. Katikati walishinda King James, Riderman, Jay Polly, Butera Knowless, kundi la Urban Boyz na kundi la Dream Boyz. Mashindano yalizunguka mikoani, majaji wakapima uimbaji wa moja kwa moja, na watu waliokuwa wakiwajua wasanii kwa sauti za redioni tu wakapata nafasi ya kulinganisha sauti ile na ile iliyotoka jukwaani. Tangu hapo, kutofautisha msanii wa studio na msanii wa jukwaa kumekuwa mazungumzo ya kawaida hata kwa watu wasiofuatilia muziki kwa karibu.

Kosa la pleibeki kamili halimo kwenye mashine. Aliyenunua tiketi aliahidiwa tukio litakalotokea mara moja tu mbele ya macho yake, kisha akapewa kitu ambacho angeweza kukisikiliza nyumbani kwenye simu yake. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Milli Vanilli, kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian. Rob Pilatus na Fab Morvan, waliokuwa sura ya kundi hilo, walipewa tuzo ya Grammy ya msanii bora mpya mwezi Februari 1990. Mwezi Novemba mwaka huo huo walinyang'anywa, baada ya kubainika kwamba sauti zilizosikika katika albamu hazikuwa zao. Ni vyema kutazama kilichobadilika kati ya miezi hiyo miwili. Nyimbo zenyewe hazikubadilika hata noti moja, na aliyezipenda Februari angeweza kuendelea kuzipenda Desemba. Kilichoanguka ni dai kuhusu aliyeziimba. Kwa upande mwingine walikuwapo waimbaji wa kweli, akina Brad Howell na Charles Shaw, ambao sauti zao zilikuwa zimezunguka dunia huku nyuso zao zikiwa hazijulikani.

Hata hivyo, si haki kumtwika msanii mzigo wote. Anayealikwa kuimba nyimbo mbili katika harusi au sherehe ya kampuni hawezi kwenda na wapiga ala sita ikiwa malipo aliyoahidiwa hayatoshi hata nauli yao. Mitambo mibovu ya ukumbi nayo humlazimisha mwimbaji kujificha nyuma ya rekodi. Mwandaaji anayetangaza onyesho la laivu ilhali hakutenga fedha za bendi amekwisha kuwadanganya watazamaji kabla msanii hajafika. Ndiyo maana tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, linasifiwa kwa jambo moja rahisi: limetangaza hadharani kwamba kila onyesho litapigwa laivu, na msanii asiyeweza hapandi. Ahadi imewekwa mezani, na kila upande unajua unachokidai.

Njia ndefu iliyokatwa

Wanaoilaumu kompyuta huruka swali linalopaswa kutangulia: kwa nini Kigali iliitegemea kiasi hicho?

Katika miaka ya 1970 na 1980 Rwanda ilikuwa na bendi zake, na Orchestre Impala ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno. Kurekodi kulimaanisha watu kukaa pamoja: mpiga gitaa la solo, la ridhimu na la besi, mpiga drams na waimbaji, wote katika chumba kimoja, na kosa la mmoja likiwa kosa la wote. Radio Rwanda, iliyoanza matangazo mwaka 1961, ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa nyimbo hizo kufika majumbani. Kijana aliyetaka kujua gitaa alikaa karibu na mpiga gitaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ndefu, nayo ilipitika.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliikata. Rugamba Cyprien, mshairi na mwanzilishi wa kikundi cha ngoma cha Amasimbi n'Amakombe, aliuawa mjini Kigali tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao. Sebanani André, aliyekuwa sauti ya Impala na pia mwigizaji wa michezo ya redio, aliuawa. Mwimbaji Rodrigue Karemera aliuawa. Orodha ni ndefu kuliko majina haya matatu. Pamoja na watu hao ulipotea ule mnyororo wa mkono kwa mkono ambao ala hazifundishwi bila huo. Sehemu ya urithi ilirudi na waliokuwa uhamishoni: Cécile Kayirebwa aliyekuwa ameimba akiwa Ubelgiji, na Masamba Intore, mwana wa Sentore Athanase, aliyekulia Burundi. Lakini kizazi kilichokuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1994 kilifikia utu uzima katika mji ambao bendi zake zilikuwa zimevunjika na vyombo vyake vimetawanyika.

Mwaka 2004 redio binafsi zilianza kusikika tena nchini, Radio 10 ikiwa miongoni mwa za kwanza, na zikahitaji nyimbo mpya za nyumbani kila wiki. Wakati huo huo programu za kutengenezea muziki zilikuwa zimeshuka hadi kwenye kompyuta za kawaida. FL Studio, iliyobuniwa Ubelgiji na kutolewa mwaka 1997, ni mfano unaojulikana na karibu kila mtayarishaji wa Afrika Mashariki. Kijana asiyekuwa na gitaa, asiyekuwa na mwalimu wa gitaa, na asiyekuwa na fedha za kukodi bendi aliweza kupanga wimbo mzima akiwa peke yake. Kumwambia kijana huyo kwamba alichukua njia ya mkato ni kudhani kwamba njia nyingine ilikuwapo.

Wala Kigali haikuwa peke yake. Bongo fleva ya Dar es Salaam ilikua katika studio za watayarishaji kama P-Funk Majani, na wakongwe wa muziki wa dansi wakaishutumu kwa hoja hizi hizi. Baadaye vijana wa Manzese na Tandale walikwenda mbali zaidi na singeli: walichukua vipande vifupi vya taarabu, wakaviongezea mwendo kwa kompyuta mpaka vikawa kitu kipya kabisa ambacho bendi ya watu isingeweza kukipiga kwa kasi hiyo. Mwaka 2017 mkusanyiko wa studio ya Sisso ulitolewa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes, na singeli ikaanza kualikwa Ulaya. Hapo mashine haikuokoa muda wa mtu. Ndiyo iliyokuwa ala yenyewe.

Ni kweli pia kwamba hofu ya wapiga ala haikuwa ya kijinga. Mwaka 1982 tawi la London la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka vinanda vya umeme na mashine za ngoma vipigwe marufuku, kwa kuwa kinanda kimoja kilianza kushika nafasi ya wapiga fidla wengi. Azimio lile linachekwa leo, lakini waliolipitisha walikuwa wakizungumzia mishahara, si sanaa. Kigali haikupitia ugomvi wa namna hiyo kwa sababu ya kusikitisha: mashine ilipofika, wa kunyang'anywa kazi walikuwa wachache.

Shule ilipofunguliwa

Mwaka 2014 masomo ya muziki yalianzishwa katika shule ya sanaa ya Nyundo, wilayani Rubavu, chini ya uongozi wa Murigande Jacques, mwanamuziki anayejulikana zaidi kama Mighty Popo na mwanzilishi wa tamasha la Kigali Up. Baadaye shule hiyo ilihamia Muhanga. Vijana waliochaguliwa kwa usaili walifundishwa gitaa, drams, kinanda, uimbaji na kusoma noti. Matunda yake hayakuchelewa. Bendi zilirudi katika hoteli na kumbi za Kigali, na majina kama Igor Mabano, Kenny Sol na Ariel Wayz yakatoka katika madarasa hayo.

Linalopendeza ni kwamba wahitimu hao hawakuikimbia kompyuta. Nyimbo zao nyingi zimepangwa kwa programu zile zile, zina biti zile zile, na sauti hunyooshwa kama za wengine. Tofauti yao huonekana umeme wa studio unapozimwa. Anayejua wimbo umejengwa vipi anaweza kuupiga tena kwa gitaa tupu, kuubadilisha ufunguo, kuurefusha umati unapoitikia. Mtayarishaji Element Eleeeh, mmoja wa waliosikika zaidi mjini Kigali katika miaka ya karibuni, ameupa jina la Afro Gako mtindo wake wa kuchanganya gakondo, yaani muziki wa jadi, na midundo ya kompyuta. Ukiusikiliza kwa makini unatambua kwamba kuchagua kipi cha jadi kibaki na kipi kiondolewe ni kazi ya sikio, na programu haina sikio hilo.

Mashine inayosahihisha pasipo kosa

Auto-Tune iliingia sokoni mwaka 1997. Aliyeiunda, Mmarekani Andy Hildebrand, alikuwa amefanya kazi katika utafutaji wa mafuta, akichambua mawimbi yanayopelekwa ardhini na kurudi. Hesabu alizozizoea huko zilimwezesha kutambua kimo cha sauti ya mwimbaji. Programu hufanya jambo moja: hupima kimo cha sauti, hukilinganisha na ngazi ya noti iliyochaguliwa, kisha huisogeza sauti hadi noti iliyo karibu. Ikiagizwa isogeze polepole, msikilizaji hatambui chochote. Ikiagizwa isogeze papo hapo, sauti hupata ule mruko wa kimashine uliosikika katika wimbo wa Cher uitwao "Believe" wa mwaka 1998. Watayarishaji wa wimbo huo hapo mwanzo walificha siri, wakaeleza kwamba walitumia chombo kingine kabisa. Leo hakuna anayeficha. Mruko ule umekuwa rangi ya sauti ambayo waimbaji huichagua waziwazi, na jambo linalofanywa waziwazi ni vigumu kuliita hila.

Ukweli ni kwamba rekodi haijawahi kuwa kioo safi cha uimbaji. Siti binti Saad aliporekodi taarabu mjini Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba dakika tatu hivi, na nyimbo zilizozoeleka kuimbwa kwa kirefu zilibanwa ziingie humo. Hakuna aliyesema Siti alidanganya kwa kuzifupisha.

Tatizo zito la programu hizi liko mahali pengine, na neno udanganyifu hulificha. Auto-Tune huanza kazi ikiwa imewekewa ngazi ya piano: noti 12 zilizogawanywa kwa umbali sawa. Inanga ya Rwanda haikuundwa kwa ngazi hiyo. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja hupitishwa juu yake mara kadhaa kuwa nyuzi nyingi. Mpigaji huzikaza kwa sikio lake, katika ngazi ya noti tano, zilingane na koo lake. Sophie Nzayisenga, aliyeirithi sanaa hiyo kwa baba yake Kirusu Thomas, huimba na kupiga katika umbali ambao piano haina. Sauti ya namna hiyo ikipitishwa kwenye programu isiyorekebishwa, mashine itaona makosa pasipo makosa na kuyasahihisha yote. Matokeo yake yatakuwa safi, nayo hayatakuwa inanga tena.

Wapenzi wa taarabu wanaielewa hali hii. Baadhi ya maqamu yana noti zinazokaa kati ya noti mbili za kinanda; fidla na udi huzifikia, kibodi ya kawaida haizifikii. Kibodi zilipochukua nafasi katika taarabu ya kisasa, noti hizo zilianza kutoweka polepole bila mtu kutangaza kifo chake. Midundo nayo iko hatarini kwa njia hiyo hiyo. Kompyuta huweza kuisogeza kila pigo hadi kwenye mstari wake, lakini katika kundi la ngoma za Rwanda ile ngoma ndogo ya ishakwe huongoza, na inyahura na ibihumurizo humjibu kiongozi kwa kuchelewa na kuwahi kidogo kidogo. Mapigo yote yakinyooshwa, mchezaji wa intore hana pa kuegemeza mguu.

Gushishura, au kuchukua kisicho chako

Kinyarwanda kina neno lake kwa kosa la pili: gushishura, yaani kunakili wimbo wa mwingine na kuutoa kama wako. Magazeti ya burudani ya Kigali hulitumia karibu kila msimu, na wakati mwingine kwa haraka mno. Kisheria, kinacholindwa ni utunzi wenyewe: maneno, mkondo wa sauti na rekodi. Mtindo, aina ya mdundo au mfuatano wa kawaida wa vipatanisho si mali ya mtu. Rwanda ilikuwa na sheria ya haki miliki ya mwaka 2009, ambayo sasa nafasi yake imechukuliwa na sheria ya mwaka 2024, na mtunzi ana haki ya kulipwa pamoja na haki ya kutajwa.

Teknolojia imeleta utata ambao wasikilizaji wengi hawaujui. Biti nyingi huuzwa mtandaoni kwa leseni ya bei nafuu isiyompa mnunuzi umiliki wa pekee. Mtu wa Kigali na mtu wa Lagos wanaweza kununua biti moja wiki moja, kila mmoja kwa halali, kisha wa pili kutoa wimbo akaitwa mwizi. Hali kadhalika, programu zinazouzwa huja na vipande vilivyokwisha kupigwa ambavyo mnunuzi ameruhusiwa kuvitumia. Nyimbo mbili zinazofanana si ushahidi wa wizi. Anayetaka kuhukumu aanze na kuuliza leseni.

Wizi ulio dhahiri huwaumiza wasiokuwa na wakili. Tuchukue hali hii: mpiga inanga mzee anaitwa studioni, anapiga kwa saa mbili, analipwa mara moja na kurudi nyumbani. Vipande vya upigaji wake vinakatwa, vinahifadhiwa, na kwa miaka mingi vinatumika katika nyimbo asizozijua. Hakuna aliyevunja mlango. Lakini jina lake halipo popote, na bila jina hakuna mrabaha unaoweza kumfikia. Mtayarishaji aliyetumia vipande hivyo anaweza kuwa fundi hodari, na bado awe na deni.

Kuna njia nyingine, nayo imeonekana. Mwaka 2019 Nsengiyumva François, mpiga umuduri aliyekuwa akiimba sokoni na njiani, alijulikana nchi nzima kwa wimbo "Mariya Jeanne", chini ya usimamizi wa Alain Mukuralinda. Umuduri ni upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, hupigwa kwa kijiti. Ni vigumu kufikiria ala iliyo mbali zaidi na kompyuta. Studio iliuzungushia midundo ya kisasa, na wapo walionung'unika kwamba umeharibiwa. Mpigaji mwenyewe alibaki mbele ya kipaza sauti, jina lake likiwa pamoja na jina la wimbo, na uzi wake ukiwa ndio unaoongoza. Mkono wa mashine ulikuwa mkubwa, lakini hakuna aliyefichwa.

Akili mnemba inapoketi kwenye kiti cha mtayarishaji

Tangu mwaka 2023 mjadala umepata sura mpya. Mwezi Aprili mwaka huo wimbo uliobeba sauti zinazofanana na za Drake na The Weeknd, ambao hawakuuimba, ulienea mtandaoni kabla ya kuondolewa. Zikafuata huduma kama Suno na Udio, ambazo hutoa wimbo mzima, maneno na sauti, kutokana na sentensi moja ya maelekezo. Mwezi Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi za Marekani zilizishtaki kwa madai kwamba zilifundishwa kwa nyimbo zilizochukuliwa bila ruhusa. Mwaka uliofuata baadhi ya kampuni hizo zilifikia makubaliano ya leseni nazo. Waandaaji wa Grammy wameweka kanuni kwamba tuzo ni ya binadamu, ingawa kazi yenye sehemu ya akili mnemba inaweza kushindanishwa iwapo mchango wa mtu ni wa maana. Kwa msingi huo "Now and Then" wa The Beatles, uliotolewa Novemba 2023, ulipata tuzo mwaka 2025: mashine ilitumika kuitenganisha sauti ya hayati John Lennon na kinanda katika kanda ya zamani. Sauti ilikuwa yake, na umma uliambiwa ilivyopatikana.

Rwanda haiko pembeni ya mambo haya. Serikali iliidhinisha sera ya taifa ya akili mnemba mwaka 2023, na mwezi Aprili 2025 Kigali ilipokea mkutano mkuu wa Afrika kuhusu teknolojia hiyo. Ujumbe wa mikutano ya namna hii huwa wa matumaini, na kwa kilimo au afya matumaini hayo yana msingi. Kwa mtayarishaji wa Nyamirambo au Remera hesabu ni nyingine. Yeye ndiye aliyeitwa mdanganyifu jana kwa kutumia kompyuta badala ya bendi. Leo mteja wake, mwenye duka anayetaka wimbo wa tangazo, anaweza kuupata bila kumpigia simu, na mashine inayoutoa huenda ilijifunza kwa kusikiliza kazi za watu kama yeye pasipo kuwalipa. Malalamiko ya wapiga fidla wa London yamemfikia, safari hii pamoja na lile kosa la kuchukua kazi ya mtu bila kumtaja.

Kwa sasa lugha inampa kinga kidogo. Bruce Melodie aliupa wimbo wake jina la Kiswahili, "Funga Macho", na mwaka 2023 ukavuka mipaka katika toleo alilomshirikisha Shaggy. Kiswahili hakina toni, na maneno yake huvumilia kuvutwa huku na huku na mkondo wa wimbo. Kinyarwanda hakivumilii hivyo. Neno umuryango linaweza kuwa familia au mlango, kutegemea toni na urefu wa irabu, na mtunzi wa Kinyarwanda hujifunza tangu utotoni kuuelekeza wimbo mahali ambapo neno linataka kwenda. Mashine iliyofundishwa zaidi kwa nyimbo za Kiingereza huweka mkazo pale mdundo unapoangukia, na msikilizaji wa Kigali hucheka kabla ubeti haujaisha.